Risasi, Ala na Vikorombwezo: Mazungumzo na Wamiliki Wapya wa Bastola

Mabibi na mabwana, hamjambo.

Wengi wenu mmepata cheti cha silaha juzijuzi tu, wino haujakauka. Leo tunazungumzia vinavyofuata baada ya bastola yenyewe: risasi, ala, magazini (kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye kitako cha bastola), sefu, na vile vikorombwezo vinavyometameta kwenye kabati la kioo dukani. Tunaweka msimamo wetu wazi mapema ili mwenye kutaka kubisha ajipange. Bastola ya kwanza inahitaji vitu vichache kuliko mnavyodhani, na hivyo vichache vinagharimu kuliko mlivyotenga. Mtu anayenunua bastola ya bei kali kisha akaichomeka kwenye ala ya kitambaa ya bei ya soksi, hesabu yake imesimama kichwa chini miguu juu.

Kabla ya duka, karatasi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataka cheti kitaje silaha yenyewe, kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua, na kiasi unachoruhusiwa kuwa nacho kwa wakati mmoja. Hizo ni namba mbili tofauti, na watu huzichanganya. Ukiwa na boksi nyumbani na lingine ndani ya begi la mazoezi, vyote vinahesabiwa pamoja. Rafiki akisafiri asikuachie risasi zake "umtunzie". Na ukiona mtandaoni kifaa cha kufungwa mdomoni mwa mtutu ili kupunguza mlio, usikiagize. Hicho sheria haikihesabu kama pambo.

Sasa risasi, na hapa tutakaa kidogo.

Angalieni ubavuni mwa mtutu au kwenye slaidi ya bastola yako, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, utakuta maandishi ya ukubwa wa risasi. Wengi wenu mtakuta 9×19. Hiyo ndiyo risasi iliyobuniwa na Georg Luger mwaka 1902, na majina yake ni mengi: 9 mm Luger, 9 mm Parabellum, 9 mm Para, 9×19. Yote ni kitu kimoja. Shida huanzia kwa ndugu zake wanaofanana jina. 9 mm Kurz, 9 mm Corto, 9 mm Browning Short na .380 Auto ni majina ya risasi nyingine, ganda lake lina urefu wa milimita 17. 9 mm Makarov ni nyingine tena, ganda milimita 18, na kichwa chake ni kinene kidogo kuliko cha Luger. Kwa hiyo dukani usiseme "nipe tisa". Soma maandishi ya kwenye mtutu, soma boksi, kisha soma kitako cha ganda lenyewe. Vikilingana vyote vitatu, lipa.

Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda, kwa kawaida la shaba ya njano. Kuna fataki, kile kiduara cha katikati ya kitako kinachogongwa na pini. Kuna baruti ndani. Na kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Uzito wa kichwa hupimwa kwa greni. Greni moja ni kama miligramu 65, kwa hiyo kichwa cha greni 115 ni gramu saba na nusu hivi, cha 124 ni gramu nane, cha 147 ni gramu tisa na nusu. Chepesi huenda mbio zaidi, yapata mita 350 kwa sekunde kutoka kwenye mtutu wa kawaida. Cha 147 huenda kama mita 300, polepole kuliko sauti, na teke lake mkononi huwa la kusukuma kuliko la kupiga. Kwa mazoezi anza na 115 au 124 kwa sababu ndizo zinazopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Tofauti ya greni tisa haitamfanya mwanafunzi alenge vizuri.

Linalobadilisha mambo ni umbo la kichwa. Cha mazoezi huwa mviringo, kimevikwa shaba mwili mzima. Hicho hupenya sana. Mlango wa mbao hautakizuia, ukuta wa mabati usiufikirie kabisa, na mwilini kinaweza kutoka upande wa pili kikiwa bado na nguvu ya kumdhuru aliye nyuma. Cha pili kina tundu puani. Kikigonga kitu chenye majimaji hufunguka kama ua na kupunguza mwendo. Wengine hushtuka wakisikia kwamba Azimio la The Hague la 1899 lilipiga marufuku risasi zinazofunguka. Ni kweli, ila azimio hilo lahusu vita baina ya mataifa. Polisi wa nchi nyingi wanazibeba, na sababu yao ni huyo mpita njia aliye nyuma ya shabaha. Yupi abebe nini hapa kwetu, mwenye kukujibu ni cheti chako na muuzaji mwenye leseni, si mjadala wa WhatsApp.

Mtaona pia maboksi yenye alama ya +P. Maana yake risasi imejazwa kwa shinikizo kubwa kuliko kawaida. Kwa vipimo vya SAAMI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya risasi, 9 mm ya kawaida mwisho wake ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, na +P ni 38,500. Bastola nyingi za kisasa huistahimili, lakini kitabu cha bastola kisiposema inaruhusiwa, iacheni. Faida anayoipata mwanafunzi ni teke kali zaidi na springi inayochoka mapema.

Risasi zilizojazwa upya gereji kwa mtu zikataeni, hata awe fundi wa kusifiwa na kijiji kizima. Kosa la kawaida la ujazaji ni ganda lililopata fataki bila baruti, au baruti kidogo mno. Ukilifyatua, fataki pekee inasukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kinakwama hapo. Badala ya mlipuko unasikia "pufu", na teke halipo. Mkono uliozoea hukoki tena na kufyatua. Risasi ya pili inakuta njia imezibwa, na mtutu unavimba au kupasuka ukiwa mkononi mwako. Kwa hiyo mlio ukibadilika, simama. Toa magazini, fungua slaidi, fungua bastola, tazama ndani ya mtutu kutokea upande wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ili uone mwanga. Hata risasi za kiwandani hupata kosa hili, ingawa ni nadra sana.

Jambo lingine ni pini kugonga fataki na pasiwe na mlio. Usigeuze bastola kuichungulia. Iache imeelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, halafu ndipo uitoe risasi hiyo. Wakati mwingine fataki huchelewa.

Tazameni risasi hizi mbili mezani. Zimetoka boksi moja, siku moja. Ile ya kushoto haijawahi kuingia kwenye chemba. Ya kulia imeingizwa na kutolewa kila asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa, kama afanyavyo mtu anayeondoa risasi kila anaporudi nyumbani na kesho yake akairudisha ileile. Zisimamisheni kwa vitako, weka kidole juu. Mnaona ya kulia imezama? Kila inapoingia, pua yake hugonga njia ya kuingilia chemba, na kichwa kinasukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Urefu wa juu kabisa wa 9×19 ni milimita 29.69, hii imepoteza zaidi ya milimita moja. Nafasi ya baruti ikipungua ndani ya ganda, shinikizo hupanda, tena kwa kasi kuliko mtu anavyotarajia. Dawa ni rahisi. Risasi iliyotoka kwenye chemba usiirudishe juu ya magazini kila siku, zizungushe. Ilinganishe na nyingine mpya mara kwa mara. Ikishafupika kwa jicho, itenge, ipeleke kwa muuzaji au msimamizi wa uwanja aiharibu kwa utaratibu. Usiifyatue "kuimaliza tu".

Mnunue ngapi? Bastola mpya tungependa ipigwe risasi 200 za mazoezi kabla haijaitwa ya kutegemewa, si kwa siku moja, na ndani ya idadi ya cheti chako. Kisha ile aina utakayobeba, piga angalau 50 kupitia kila magazini. Inauma mfukoni, kwa sababu za kubeba huja boksi la 20 au 25 na bei ni ya kuudhi. Lakini kichwa chenye tundu kina pua butu, na kuna bastola ambayo hupokea za mviringo mwezi mzima bila kulalamika, ikipewa hizi inakwama ya tatu. Afadhali lijulikane uwanjani.

Utunzaji hauna siri nyingi. Mahali pakavu penye ubaridi, mbali na watoto. Dashibodi ya gari juani si mahali pa risasi. Msizipulizie mafuta ya kulegeza kutu. Mafuta mepesi hupenya pembeni mwa fataki na kuiua. Na msiziache kwenye mkanda au ala ya ngozi kwa miezi. Ngozi na shaba zikikaa pamoja huota ukungu wa kijani unaofanya ganda ling'ang'anie chemba. Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wana kazi ya ziada: hewa ya chumvi huanza kula chuma kabla hujaona. Kitambaa chenye mafuta kidogo kila baada ya kubeba, na vifuko vya kufyonza unyevu ndani ya sefu.

Tuje kwenye ala. Kati ya vitu vyote vya nyongeza, hiki ndicho kinachoweza kukutoboa paja. Ala nzuri ina kazi tatu. Ifunike kifyatulio chote, ishike bastola hata ukikimbia au ukiinama, na mdomo wake ubaki wazi bastola ikishatoka. Plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yako, ile inayoitwa Kydex, hufanya yote matatu. Ngozi nene iliyoshonwa kwa mdomo wenye chuma ndani pia inafaa. Kinachoua ni ngozi laini iliyozeeka: mdomo unajikunja ndani, mkunjo unaingia mbele ya kifyatulio, wewe unasukuma bastola chini, na ngozi inafanya kazi ya kidole. Ncha ya shati na kifundo cha kamba ya koti hufanya hivyohivyo.

Ijaribuni hivi. Toa magazini, fungua chemba, tazama, gusa kwa kidole, mwenzako naye atazame. Risasi zote zikae chumba kingine. Tia bastola tupu ndani ya ala, ielekeze mahali salama, kisha bonyeza ala kwa nje sawasawa na kifyatulio. Ukihisi kinasogea au ukasikia "tik", rudisha dukani. Halafu ipindue juu ya godoro na uitikise. Ikidondoka, rudisha dukani. Funga mkanda, kaa kwenye kiti cha gari, funga mshipi wa usalama, simama, chuchumaa. Ala ikiyumba, kosa mara nyingi ni la mkanda. Tafuta mkanda mgumu wa upana wa milimita 38 hivi, ambao hauinamii uzito.

Kurudisha bastola ndani ya ala hakuna haraka hata siku moja. Kidole kimenyooka nje, nguo imeinuliwa kwa mkono mwingine, macho yanatazama mdomo wa ala, na bastola inashuka polepole. Wenye bastola yenye nyundo, kama hizi Ceska zilizozoeleka, wekeni dole gumba juu ya nyundo wakati wa kushusha. Kitu kikigusa kifyatulio, utaihisi nyundo ikianza kuinuka. Na mjue Ceska yenu ni ya aina gani. Kuna zenye kitufe cha kushusha nyundo kwa usalama, na kuna zenye kufuli ya usalama pekee, ambazo kuishusha nyundo juu ya risasi hai kunafanywa kwa dole gumba. Dole likiteleza, risasi imetoka. Anayenunua sasa, aulize hilo kabla ya rangi.

Akina mama wanaobeba kwenye mkoba: si pamoja na funguo, kalamu na poda. Kalamu inaingia mbele ya kifyatulio kama ilitumwa. Uwe mkoba wenye chumba chake peke yake, na ndani ya chumba hicho bado kuwe na ganda gumu la kufunika kifyatulio. Na mkoba huo hauwekwi juu ya kiti cha mgahawa, hautundikwi, wala hapewi mtu kuushika.

Magazini tatu zinatosha: moja ndani ya bastola, moja ya akiba, moja ya mazoezi ambayo haitabebwa kamwe. Nunueni za mtengenezaji wa bastola. Sehemu kubwa ya kukwama kunakosingiziwa bastola huanzia kwenye magazini, kwa hiyo ziandikeni namba kwa rangi, 1, 2, 3. Bastola ikikwama, andika namba. Mara tatu ikiwa ni namba 2, umeshampata mwenye kosa. Kagua midomo ya juu inayoshika risasi: ikidondoshwa kwenye zege hupinda kwa unywele tu, na unywele unatosha. Springi huchoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kukaa imejaa. Magazini mpya ikikataa kuingia slaidi ikiwa imefungwa, punguza risasi moja, usiipige ngumi.

Kinga ya masikio na macho haina mjadala. Mlio wa bastola ya 9 mm hufika takriban desibeli 160, na madhara ya mlio wa ghafla huanza kwenye 140. Pamba haizibi kitu. Tia vizibo vya sponji ndani na vifuniko juu yake, hasa uwanja wa ndani ya jengo. Miwani iwe ya kinga iliyoandikwa EN 166 au Z87.1, yenye kufunika pembeni, kwa kuwa ganda la moto hupenda kuingia kati ya kioo na shavu, na mtu akirukaruka na bastola mkononi ndipo ajali inapozaliwa. Hivyo shingo ya shati nayo ifungwe. Ukimaliza, nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kugusa chapati. Fataki na vichwa vya risasi huacha vumbi la madini ya risasi, nalo ni sumu.

Sefu: ndogo ya chuma, iliyofungwa kwa bolti kwenye ukuta au sakafu, kwa sababu sefu isiyofungwa ni kifurushi alichofungiwa mwizi. Isiyotegemea betri pekee. Gari si sefu.

Za kusafishia zinajaa kwenye kikebe: fimbo, brashi ya shaba ya 9 mm, vitambaa, dawa ya kuyeyusha masizi, na mafuta. Matone manne au matano kwenye reli za slaidi na nje ya mtutu. Njia ya pini ibaki kavu. Mafuta yakiingia humo hushika vumbi, pini inachoka, inagonga fataki kama inabisha hodi.

Na vile vikorombwezo? Tochi ya kufunga chini ya mtutu ina kazi, lakini ukiwa nayo hiyo pekee, kila unachotaka kukimulika umekielekezea bastola, awe mwizi au mtoto aliyeamka kunywa maji. Nunua kwanza kurunzi ya mkononi. Tena tochi ikifungwa, ala ya zamani haiingii. Darubini ya nukta nyekundu ni nzuri kwa anayepiga risasi mia kadhaa kwa mwezi. Asiye na mazoezi hutafuta nukta angani wakati vilenga vya chuma vingemtosha. Vilenga vya kung'aa gizani, vile vya tritiamu, tunavipenda, ila nguvu yake hupungua kwa nusu kila miaka 12 hivi, basi vya mtumba ulizeni umri. Vifaa vya kulainisha kifyatulio tunavikataa kwa bastola ya kubeba. Kifyatulio cha kiwandani cha kilo mbili na nusu kimepangwa hivyo kwa ajili ya mkono unaotetemeka. Mpira wa kuvisha kitako sawa, mradi hausogei.

Pesa ikibaki, nunueni dami za plastiki kumi, yaani risasi bandia zisizo na baruti wala fataki, mfanye mazoezi ya kufyatua bila risasi nyumbani, dakika kumi kila siku. Risasi hai zikae chumba kingine mlango umefungwa. Na mazoezi yakiisha yameisha; ajali ya nyumbani huweza kutokea pale mtu aliyekwisha kurudisha risasi anaposema "mara moja tu ya mwisho".

Meza ya kulia ina ala saba na bastola mbili tupu. Tutaanza na jaribio la ala, watu wanne kwa zamu. Aliyebeba yake asiitoe hadi msimamizi amfikie. Magazini nje, chemba wazi, mtutu uelekee ule ukuta wa mchanga.